Unguja mpaka Ujiji kwa njia ya misafara: ulizeni kwanza gari litasimama wapi

Dada yangu wa Chake, assalaam alaykum. Umeuliza kama ile safari ya siku tisa mliyotangaziwa, ya kuifuata kwa gari njia ya zamani ya misafara ya pembe na watumwa, Unguja mpaka Ujiji, inawafaa nyinyi kumi na wawili mliosoma skuli moja, na wengine mshakuwa watu wazima. Mie nilikwenda mwaka juzi mwezi wa nane. Tulikuwa kumi na moja, na mmoja wetu maalim mwenye sukari. Nendeni. Ila msitoe kianzio kabla hawajakwambieni gari litasimama wapi, na kila kituo litasimama kwa muda gani.

Sisi hatukuuliza. Karatasi waliyotupa ilijaa majina mazuri: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara, Ujiji. Ndiyo yale yale yaliyomo kwenye maombi ya awali ya Urithi wa Dunia ambayo Tanzania iliyapeleka UNESCO 2006, nikaona hawa wanajua kazi yao. Kumbe wamenakili tu. Tulipofika njia panda ya Mpwapwa dereva akashika lami kwenda Dodoma bila hata kupunguza mwendo. Maalim ndiye aliyeuliza, "Mpwapwa bado?" Kiongozi akajibu kuwa huko "hamna cha kuona."

Labda jengo la kupigia picha hamna. Lakini Mpwapwa ndipo msafara ulipokuwa ukipumzika na kunywa maji mazuri kabla ya kuikata Marenga Mkali, nchi kavu yenye maji ya chumvichumvi, na baada ya hapo unaingia Ugogo. Huko maji machache yana wenyewe, na kila mtemi anataka hongo yake ya nguo na ushanga ndipo upite. Neno tunalo mpaka leo, wanaolipokea tu ndio waliobadilika. Ukiruka Mpwapwa, Ugogo wote unakuwa dirisha la Coaster na usingizi. Tuligombana hapo nusu saa kando ya barabara, tukashindwa. Kilimatinde nako tukakukosa kwa sababu ile ile: kumeacha lami.

Nirudi nyuma kidogo, maana safari haianzii Bagamoyo kama wanavyokuandikieni. Nyinyi mnatoka Pemba, mtalala mjini usiku mmoja kwa vyovyote. Asubuhi yake nendeni Mkunazini kwenye kanisa lililojengwa pale palipokuwa na soko la watumwa, baada ya Sayyid Barghash kulifunga 1873 kwa kubanwa na Waingereza. Kisha teremkeni Malindi, bandarini hapo hapo mjini, mapema. Mkiwa mnaisubiri boti, angalieni lile jengo la roshani za mbao lililoelekea bahari, tunaloliita dispensari ya zamani. Aliyelianzisha ni Tharia Topan, tajiri wa Kihindi. Huyo ndiye aliyekuwa akimkopesha mali Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed, mzaliwa wa hapa hapa Unguja na aliyefia hapa hapa 1905. Nguo na shanga zilitoka kwa mkopo, pembe zikarudi kulipa deni na faida. Bila kulijua hilo utafika Ujiji ukidhani njia hii ni habari za Wazungu wawili, Stanley na Livingstone, na mwembe wao.

Bagamoyo sina maneno mengi, kunajulikana. Siku moja inatosha. Kiongozi akikupelekeni kwenye magofu ya Kaole akakwambieni ndiko watumwa walikofungiwa, mvumilieni tu. Ule msikiti ni wa karne ya 13, umeitangulia misafara hii kwa mamia ya miaka. Pa kukaa ni misheni, kwenye mnara wa kanisa la zamani. Hapo ndipo mwili wa Livingstone, yule mmisionari wa Kiskoti, ulipolazwa Februari 1874, baada ya watumishi wake Susi na Chuma na wenzao kuuchukua kutoka ndani kabisa ya bara, umekaushwa na kufungwa kwa maganda ya mti. Msituni kule walikuwa na kila sababu ya kumzika palepale wakaenda zao.

Sasa tuje kwenye kilichoniridhisha. Dodoma tulimbadilisha kiongozi. Tulipiga kelele mpaka wakatuletea kijana wa Tabora, Mnyamwezi, na kuanzia hapo safari ikawa safari. Alijiita kirangozi, kwa lile jina la mpagazi aliyekuwa akitangulia na bendera nyekundu ya Sultani. Kufika nje ya Tabora, kwenye njia ya vumbi ya kwenda Kwihara, akasimamisha gari, akatoa robota la nguo lililofungwa kwa kamba ya katani baina ya fito mbili. "Hii ni frasila mbili," akasema. Frasila ni ratili 35, kilo kama 16, kwa hiyo hapo pana kilo thelathini na kitu. Ndani alikuwa ameweka mashuka meupe, badala ya merikani, ile nguo ya pamba ya Marekani, na kaniki chache, nguo nyeusi. Akatutaka tulichukue kwa zamu mpaka kwenye tembe, ile nyumba ya Kwihara aliyokaa Livingstone.

Nilidhani mchezo. Hatua mia za mwanzo ulikuwa mchezo kweli. Halafu ule ufito unapata mahali pake juu ya mfupa wa bega na hauondoki tena. Ukiuhamisha bega la pili, la kwanza linawaka moto. Mie nimebeba magunia ya karafuu utotoni, lakini gunia unalibeba kutoka hapa mpaka pale. Nilifika kama robo saa nikaliteremsha. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipoondoka pwani 1857, waliingia Kazeh, ndiyo hiyo Tabora, siku ya 134. Wao wakipanda punda, na wakizidiwa na homa wakichukuliwa kwa machela. Mzigo ulikuwa juu ya watu wengine.

Yule kijana akatutania: "Nyinyi wa visiwani mabosi, sisi mabega." Maalim akacheka, kisha akamwambia taratibu kuwa bibi yake mzaa mama, huko Ng'ambo mjini Unguja, alikuwa akiitwa Mmanyema, yaani mtu wa Manyema, Kongo ya mashariki, na hakufika Unguja kwa kupenda. Kukanyamaza. Katika gari ile ile kulikuwa na mtu ambaye babu yake alikuwa na mashamba ya mikarafuu, na yeye hakusema neno mpaka tulipokula usiku. Kundi lenu nalo litakuwa na watu wa namna zote mbili, jueni mapema. Si jambo la kuogopa, ila msimwachie kiongozi mpumbavu aligeuze kuwa mzaha.

Tembe la Kwihara lina kuta nene za udongo, dari bapa, na ndani baridi kama msikiti mchana. Livingstone alibaki hapo kuanzia Machi mpaka Agosti 1872, akiwangoja watu ambao Stanley, yule mwandishi wa gazeti aliyekuja kumtafuta, alikwenda kumtumia kutoka Unguja. Miezi mitano kuwangoja wapagazi! Sisi tulipata pancha tukangoja saa mbili, watu wakataka kuandika barua ya malalamiko. Ulizieni pia asali ya Tabora, mnunue kwenye madumu yenu wenyewe.

Kutoka Kaliua kwenda Uvinza jihadharini na mbung'o. Hao wadudu hupenda rangi nyeusi na buluu, na bibi zetu wanne walikuwa ndani ya mabuibui meusi. Mbung'o waliingia dirishani wakatupita sisi wote wakawaendea wao. Wanauma juu ya nguo, na ukimpiga kofi huinuka akaruka kama hukumgusa. Fungeni vioo hata kama joto linaua. Uvinza yenyewe inapitwa na wengi, lakini chumvi ya chemchemi zake ilikuwa ikiuzwa nchi zote za kuzunguka ziwa tangu kabla ya misafara ya pwani, na mpaka leo inatolewa. Nilinunua pakiti moja. Ni chumvi kama chumvi nyengine, lakini mke wangu haruhusu itumike.

Ujiji kuna makumbusho na miembe miwili wanayosema ni vizalia vya ule mwembe Stanley alipokutana na Livingstone 1871. Ziwa Tanganyika limerudi nyuma, kwa hiyo usiulize mbona hapaonekani pwani ya kuteremkia. Dakika ishirini zinatosha. Kisha mwambieni kirangozi awaacheni mtembee mitaa ya Ujiji kwa miguu alasiri: baraza za nyumba, kofia, watoto wanatoka chuoni na juzuu kifuani. Maalim aliingia kusali akatoka na mzee wa makamo ya miaka themanini kamshika mkono. Yule mzee akamuuliza bibi yake Manyema alikuwa wa kwa nani. Maalim hakuwa na jibu, maana bibi mwenyewe hakupata kulisema. Wakakaa barazani pale mpaka magharibi, na gari likangoja.

Mengine ya haraka. Kwa mwenye sukari, chakula chake kiwe mkononi, si kwenye buti. Sala mnaweza kukusanya adhuhuri na alasiri, lakini mwambieni dereva tangu siku ya kwanza, asianze kunung'unika Manyoni. Siku tisa ni chache. Ombeni kumi na mbili, na mkikataliwa punguzeni Bagamoyo, si Tabora. Kurudi, sisi tulichukua treni Kigoma, reli ile iliyofika ziwani 1914 na kuimaliza kazi ya wapagazi wa njia hii. Ni siku mbili kasoro mpaka Dar, na miguu inavimba.

Hao waliokutangazieni wapigie leo, uwaulize neno moja tu: Mpwapwa mtaingia au mtapita? Wakisema hamna cha kuona, nitumie ujumbe nikupe namba ya ofisi wanakompata yule kijana wa Tabora. Na mabuibui meusi yabaki Chake.