Guku akisema "siku nikienda", chukua kalamu

Kwetu Chavakali, mzee akianza maneno yake na "siku nikienda", hamalizi. Kila aliye chumbani anamrukia: "Guku, wacha hayo, bado uko nasi!" Mimi nilimkatiza Guku wangu, yaani nyanya yangu, hivyo mara mbili, na mara zote mbili nilijiona mjukuu mwema.

Mara ya kwanza ilikuwa Krismasi. Nilikuwa nimeshuka kwenye matatu kutoka Nakuru, mgongo unaniuma, nikamkuta amekaa mlangoni akichambua mrenda. Hata habari za safari hakuuliza. Aliniagiza nivute begi lililokuwa chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na gauni jeupe lililofungwa kwa gazeti, kitambaa cha kichwa, na soksi mpya za sufu, bado zimeshikanishwa kwa ule uzi wa dukani. "Hizi ni za siku nikienda," akasema. "Soksi msisahau. Miguu yangu..." Nikafunga zipu, nikamuuliza kama anataka chai.

Mara ya pili alikuwa amelazwa. Hiyo sitaisimulia.

Guku alikuwa mtu wa Kanisa la Marafiki tangu tumboni. Baba yake alijifunzia kusoma Kaimosi, kwenye misheni ambayo Marafiki kutoka Marekani waliianzisha 1902. Kila alfajiri aliomba kwa sauti, akitutaja mmoja mmoja na shida zetu, kwa hivyo ukilala kwake siku mbili ungejua nani amefutwa kazi na nani amerudishiwa mahari. Sadaka yake ilikaa kwenye mkebe wa Kimbo juu ya kabati, na hata mwaka ule tuliokosa mahindi, mkebe huo haukukopwa. Sokoni, lakini, alikuwa na mdomo mkali. Nimeona muuza omena akimwongezea kipimo bila kuambiwa, ili tu aondoke.

Alifia kitandani mwake, usiku. Ukifiwa nyumbani, anza kwa naibu wa chifu, kwa sababu ndiye anayejaza ile fomu ya kifo inayokupa kibali cha kuzika na baadaye cheti. Nasi ndipo tulipokwama: jina la kwenye kitambulisho halikuwa sawa na lile tulilozoea, na hakuna aliyejua kitambulisho chenyewe kiko wapi. Kilipatikana ndani ya Biblia, siku ya pili.

Halafu vita vya umri. Kitambulisho kilisema 1935. Lakini Guku mwenyewe alisimulia kwamba alikuwa tayari anabeba maji kisimani wakati wanaume walipokuwa wakikimbilia dhahabu Kakamega, na dhahabu hiyo ilizua vurumai kuanzia 1931. Nikaja kuelewa baadaye: wanawake wa Kenya walianza kuandikishwa vitambulisho 1978, na akina mama wengi wa rika lake hawakuwa na karatasi yoyote ya kuzaliwa. Karani alimtazama usoni akakadiria. Mjomba wangu mmoja alitaka programu ya mazishi iandikwe miaka mia moja kamili, kwa sababu, alisema, mia inavutia wageni. Swali hilo Guku angelijibu kwa dakika mbili, kama ningemuuliza pale mlangoni badala ya kukimbilia sufuria ya chai.

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu: ulizeni. Ulizeni alipozaliwa, na nini kilikuwa kikitokea wakati huo. Ulizeni anadaiwa na nani, na anamdai nani. Zaidi ya yote, ulizeni kuhusu shamba. Letu bado lina jina la babu, aliyekufa zamani sana, na hakuna aliyewahi kufungua kesi ya urithi. Sasa tunahangaikia barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, tangazo kwenye gazeti la serikali la siku thelathini, na miezi sita ya kungoja kabla mahakama haijathibitisha. Vihiga, kaunti yetu, ina zaidi ya watu elfu moja kwa kila kilomita ya mraba, kwa hesabu ya sensa ya 2019. Hapa hatua tatu za ardhi ni kesi. Mpaka wetu wa juu ulikuwa mti wa lusiola ulioanguka, na aliyejua kisiki chake kilipo alikuwa Guku.

Jioni ya tatu ya matanga, jirani yetu, mama wa kanisani, aliingia na daftari la mazoezi la mtoto wa shule. Guku alikuwa amemwambia yote, yeye akaandika, kwa vile sisi tulikataa kusikia. Nyimbo nne, kwa mpangilio. Mwanasiasa asishike kipaza sauti. Fahali asinunuliwe kwa deni. Fundi wa paa alipwe shilingi mia saba zake. Na begi.

Tulikuwa tumeshalipa hema mbili, tumeshamwahidi mheshimiwa dakika kumi, na siku hiyo hiyo mchana tulikuwa tumepeleka makafani gauni la zambarau tulilolinunua Kisumu. Fundi wa paa tulimlipa. Nyimbo tuliimba tatu, ya nne ikaliwa na mheshimiwa. Asubuhi ya mazishi shangazi alichukua soksi akazipeleka makafani kwa bodaboda, na mhudumu wa pale, Mungu ambariki, alimvalisha bila kuuliza kitu.

Mwezi uliopita mama yangu alisema, "siku nikienda". Nikainuka, nikatafuta kalamu, nikakaa. Akanitazama muda mrefu.

"Na wewe mbona una haraka hivyo?"