Beti 41 kwa pea ya leso

Mmeuliza wiki hii: mwandishi wa kujitegemea apange saa za kazi, au angoje moyo umtume? Mimi ni wa Langoni, Lamu, mwaka wa 6 sasa naishi kwa kalamu: maelezo ya nyumba za wageni za Shela, michezo ya redio, tenzi za harusi. Saa nimezipanga zamani. Baada ya sala ya alfajiri napanda darini, naandika mpaka punda waanze kupita na mizigo. Kinachonishinda ni kutaja bei.

Mwaka juzi alinijia mama mmoja wa mtaani, ninayemheshimu kama mamangu. "Mwanangu, nitungie utenzi wa harusi ya binti yangu." Beti 40. Asiyetunga hudhani maneno hujimwaga yenyewe. Kila ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani 8, yaani silabi 8. Vitatu vya mwanzo huishia kwa kina kimoja, yaani silabi ya mwisho inayofanana; cha nne hubeba bahari, kina cha kufungia ubeti, ileile tangu mwanzo hadi mwisho. Bahari yangu ilikuwa -ya. Nilimaliza kwa siku 9. Harusi imebaki siku mbili, akarudi: ami yake bwana harusi amesahauliwa, naye anakuja kutoka Omani. Jina Abubakari, mizani 5 peke yake! Nilikesha nikihesabu vidoleni:

Na ami Abubakari
aliyevuka bahari
kaja kutwombea heri
leo ametufikiya.

Harusi ikapita. Nikaletewa pea ya leso na haluwa. Nikasema, sauti inatetemeka, "Bi, nilitaraji na ujira."

"Ujira wa maneno? Mwana Kupona alilipwa na nani?"

Nilinyamaza. Jibu lilinijia usiku, limechelewa: Mwana Kupona, mshairi wetu wa kale, mwaka 1858 alimtungia utenzi binti yake wa kumzaa, hakuagizwa na jirani. Tangu hapo ubeti kwangu ni shilingi 100, nusu mkononi kabla sijashika kalamu, na hivyo ndivyo nilivyokusudia kuwashauri wenzangu wote.

Ila nikiandika haya naukumbuka ule usiku wa kupamba. Wanawake waliufikia ubeti wa ami wakaurudia mara tatu, na dada yake ami akalia. Mpaka leo watoto wa kichochoroni kwetu wanaujua kwa moyo. Maelezo ya nyumba za wageni yamenilipia kodi, nashukuru, lakini sijamsikia mtu akiyasoma kwa sauti.

Basi saa pangeni, na nusu ya malipo chukueni mapema, hasa kwa msiyemjua. Kwa jirani sina hakika tena. Yule mama ana binti mwingine, anaolewa Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na jana amenitumia salamu. Bahari nimeshaichagua. Bei sijamtajia.