Ziwani Hakuna Jedwali la Maji: Kupanga Matembezi ya Ufukweni Kigoma

Mgeni kutoka pwani akifika Kigoma na kutaka kutembea ufukweni, swali lake la kwanza huwa, "Maji yanatoka saa ngapi?" Mwenyeji ambaye hajawahi kukaa baharini humwangalia tu: yatoke yaende wapi?

Mimi nimekulia Ujiji, nikaja kufanya kazi Unguja, na sasa nimerudi nyumbani. Ndugu na marafiki wa pande zote mbili hunipigia simu kuuliza njia, kwa hiyo nimeona niandike mara moja. Ziwa Tanganyika halipwi wala halijai kama bahari. Mwezi unalivuta, lakini tofauti ni ndogo kiasi kwamba jicho haliioni. Wengi wakishasikia hivyo huamua kwamba ufukwe wa ziwa unatembeka saa yoyote. Hautembeki saa yoyote. Baharini unapewa jedwali la saa za kupwa na kujaa mwaka mzima kabla; ziwani inabidi ujitengenezee mwenyewe, kwa kuuliza upepo, mvua na wavuvi.

Kwanza saa. Tanzania nzima inafuata saa iliyopimwa kwa nyuzi 45 mashariki, na Kigoma iko karibu na nyuzi 30. Kila nyuzi 15 ni saa nzima, kwa hiyo huku jua huchomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni. Mtu wa Dar aliyezoea kuanza mazoezi saa kumi na mbili asubuhi atajikuta anapapasa mawe gizani. Jioni unapata mwanga wa ziada, na hapo ndipo wageni hudanganyika, wakaondoka saa tisa alasiri wakijua wana muda tele.

Muda wanao, ila ziwa si lile la asubuhi. Asubuhi huwa limetulia, unaona samaki wadogo wakizunguka mawe chini. Mchana upepo huamka, na miezi ya kiangazi, Mei mpaka Agosti au Septemba, kusi huvuma kwa nguvu juu ya ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 600. Mawimbi yana nafasi ya kukua. Ile sehemu ya mawe uliyoipita asubuhi kwa kuruka jiwe moja hadi jingine, ukirudi alasiri inapigwa na kila wimbi, na mawe yenye utelezi hayana pa kushika. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: sehemu ngumu zote, yaani rasi na miamba inayotenganisha fukwe, uzimalize kabla ya saa tano. Ukipenda kukaa ufukwe wa Jakobsen mpaka jua lizame, kaa, ila kurudi panda juu ukafuate barabara ya Katonga. Bodaboda zipo.

Msimu wa mvua una tabia yake. Wingu linaweza kutokea upande wa Kongo likakufikia kabla hujamaliza kufunga mkoba, likaja na radi na dhoruba. Wavuvi wakianza kuvuta mitumbwi juu mchana kweupe, na wewe ondoka ufukweni.

Jambo la pili ni kimo cha ziwa, na hili nitalikalia kidogo kwa sababu ndilo linalowaharibia watu mipango. Kwa kawaida maji hupanda mvua zinapokwisha, mnamo Aprili na Mei, na huwa chini kabisa kiangazi kinapoishia. Hapo tofauti huwa chini ya mita moja, lakini kwenye ufukwe mwembamba chini ya mwamba hiyo inatosha kukumaliza njia. Juu ya hapo kuna mabadiliko ya miaka. Nenda Ujiji kwenye makumbusho ya Livingstone, mahali ambapo Stanley alimkuta mwaka 1871, kisha tafuta maji: utatembea kidogo kabla ya kuyafikia. Zama zile ziwa lilikuwa juu kwa sababu mlango wake wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, ulikuwa umeziba. Mwaka 1878 ukafunguka, na ziwa likashuka kwa kadiri ya mita 10 katika miaka iliyofuata. Safari hii limeenda kinyume. Baada ya mvua kubwa za 2019 na 2020 maji yalipanda, yakafuata nyumba na mialo, yaani mahali pa kushushia samaki, kandokando ya ziwa, kuanzia kwetu mpaka Bujumbura.

Ndiyo maana siamini maelekezo ya njia yaliyoandikwa miaka kumi iliyopita, wala picha ya setilaiti kwenye simu inayokuonyesha mchanga mweupe. Mchanga huo huenda uko chini ya maji. Nenda mwaloni, wasalimie wazee kwanza, shikamoo yako iwe ya kweli, halafu uliza swali lililonyooka: "Kutoka hapa mpaka kule, mtu anapita kwa miguu bila kuloa?" Ukiuliza tu "Kuna njia?" utajibiwa ipo. Mvuvi hakudanganyi, kwake yeye kupita kwenye maji ya kiunoni ni njia.

Mwaloni kwenyewe kuna adabu zake. Asubuhi dagaa wameanikwa, wengine kwenye chanja, wengine chini mchangani, tabaka jembamba linalong'aa, na akina mama wanazunguka wakifukuza kunguru. Ukikanyaga pale umekanyaga ada ya shule ya mtoto wa mtu. Pita nyuma ya chanja au ukingoni kabisa mwa maji, na picha uombe kwanza. Hapa mwezi ndipo unapoingia kwenye hesabu za ziwani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za betri na sola, na mbalamwezi ikiwaka taa hizo hazivuti samaki vizuri. Siku za mwezi mpevu wavuvi wengi hupumzika, ufukwe unakuwa mtupu, na kutembea ni rahisi zaidi. Ukitaka kuona shughuli, njoo siku za giza.

Kusini ya Ujiji mimi sishauri mtu aende bila mwenyeji. Pale mto Luiche unaingia ziwani kwa matete na matope, na kwenye midomo ya mito viboko na mamba si hadithi. Vilevile maji yaliyotulia kwenye majani ndiyo makazi ya konokono wa kichocho. Kuogelea, chagua penye mawe na maji maangavu. Maji ya kunywa beba ya kwako.

Wanaotaka siku nzima au zaidi huenda Gombe, kilomita kama 16 kaskazini ya mji. Boti za abiria huondoka Kibirizi kuanzia mchana na hurudi asubuhi na mapema, kwa hiyo ukizitegemea huwezi kwenda na kurudi siku moja. Panga kulala, au changishaneni mkodi boti. Ni hifadhi ya taifa tangu 1968, na Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe wake mwaka 1960. Watu humalizia nguvu zote kwa sokwe wakasahau ufukwe, na ufukwe wa Gombe ni mzuri mno: msitu unashuka mpaka kwenye kokoto, na nyani wanatembea mchangani kama wenye mtaa. Chakula kisionekane mkononi, mlango wa chumba ufungwe. Ukiwa na mafua ahirisha safari, maana magonjwa yetu huwapata sokwe. Na angalia simu: ikikamata mtandao wa Burundi, saa inaweza kurudi nyuma saa moja nzima, nawe ukaikosa boti. Kitambulisho kiwe mfukoni siku zote. Huu ni mkoa wa mpakani na utaulizwa.

Sasa kwa watu wa kwetu wanaokwenda pwani, maana nao hunipigia, tena wao ndio hunipa wasiwasi zaidi. Mtoto wa ziwani anajua kuogelea na anadhani hilo linatosha. Kisiwa kama Uzi, kusini ya Unguja, kwa miaka mingi kimefikiwa kwa njia inayopita kwenye mikoko na kufunikwa maji yakijaa. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, saa sita na dakika kadhaa kati ya kujaa na kupwa, na kila siku huchelewa kwa dakika kama 50. Kwa hiyo saa uliyovukia Jumatatu usiitumie Alhamisi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua: maji hutoka mbali sana, yakarudi kwa nguvu, na kimo huweza kutofautiana kwa kadiri ya mita nne. Nusu ya mwezi ni maji mafu, hayatoki sana, na njia nyingine hazifunguki vizuri.

Anza kuvuka maji yakiwa bado yanatoka, na uwe umesharudi kabla hayajageuka sana. Usingoje kuona maji miguuni. Mifereji ya chini, ile iliyo kati yako na nchi kavu, ndiyo hujaa kwanza, wakati wewe bado umesimama kwenye mchanga mkavu. Viatu vaa, kuna miamba na shokomzoba, mnyama wa baharini mwenye miiba. Na ukikuta umechelewa, baki huko huko kisiwani. Tafuta mgahawa, agiza chai na chapati, piga simu nyumbani useme utachelewa kwa saa sita hivi.