Mgeni wa kilimo, nunua muda kabla ya mbegu

Vijana wanaotaka kuja kulima huku Kongwa na Chamwino, mkoani Dodoma, huniuliza jambo moja: "Kaka, zao gani linalipa?" Na mimi huwarudishia swali: ukivuna mwezi wa sita, unaweza kukaa na mzigo wako bila kuuza mpaka mwezi wa kumi na mbili? Wengi hawalipendi. Wamekuja na hesabu yao tayari, ekari mara gunia mara bei. Lakini kwenye karatasi hakuna ada ya shule inayodaiwa Julai, wala mwenye trekta anayepiga simu kila asubuhi.

Miaka hii mvua imebadilika, masoko yanafungwa na kufunguliwa kwa tangazo la siku moja, na kila msimu kuna kifaa kipya kinachouzwa kwa mkulima. Nimewaona wakitoka wenye mtaji mkubwa na wenye elimu nzuri, wakabaki watu wa kawaida ambao walikuwa na uwezo wa kusubiri: mvua ijae, bei ipande, kifaa kijaribiwe na mwingine kwanza. Ukija huku, huo ndio uwezo wa kuutafuta mapema.

Nianze na mvua. Dodoma ina msimu mmoja, kwa kawaida kati ya Novemba mwishoni au Desemba na Aprili, na katikati yake, mara nyingi Februari, huja kipindi cha jua kikali. Wazee wa Kigogo walikuwa na kuberega, yaani kupanda kwenye ardhi isiyotifuliwa ili mbegu isipitwe na tone la kwanza. Ilikuwa na akili yake. Tatizo ni kwamba ardhi ngumu hainywi maji, na mvua za mwanzo siku hizi zinadanganya sana: zinaotesha, halafu zinapotea. Kwa hiyo usipande kwa sababu jirani kapanda. Baada ya mvua kubwa chukua jembe, chimba, uangalie unyevu umefika wapi. Kama haujashuka angalau sentimita 20, rudi nyumbani ukanywe chai.

Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) usomeni, lakini msiishie kwenye kichwa cha habari. "Wastani hadi juu ya wastani" ni maneno ya eneo zima, hayajui shamba lako. Soma sehemu inayosema mvua zitaanza lini, zitaisha lini, na kama vipindi virefu vya ukavu vinatarajiwa. Kisha fuatilia taarifa za kila siku kumi. Msimu wa 2023/24, wa El Niño, mvua ilikuja kweli na kwa wingi. Sehemu nyingi za nchi shida haikuwa ukame bali mafuriko na barabara zilizokatika. Aliyejipanga kwa ukame peke yake hakuwa na mfereji wa kutoa maji shambani.

Kuhusu mbegu, watu wa mjini wanapenda mahindi kwa sababu wanayajua. Mahindi ni mazuri mwaka wa mvua. Lakini hindi likikosa maji siku za kutoa mbelewele na nywele, hakuna mvua itakayolirudisha. Mtama ukikosa maji hukunja majani, hudumaa, na mvua ikirudi nao huendelea. Ndiyo maana namwambia mgeni: nusu ya shamba iwe mtama, mbegu fupi kama Macia, hata kama marafiki zako Dar watakucheka. Nusu nyingine gawanya unavyotaka.

Na kabla ya kununua mbolea, tafuta ripa. Mashamba ya kukodi huku yamelimwa kwa jembe la sahani miaka nenda rudi, na chini ya udongo laini kuna tabaka gumu ambalo mizizi haipenyi. Ripa ya kukokotwa na ng'ombe au trekta huchana mstari mmoja tu, pale utakapopanda, na maji ya mvua ya kwanza yanazama humo. Ni chuma cha kawaida, hakina picha nzuri ya kurusha mtandaoni, na kwa maoni yangu kimefanya kazi kubwa kuliko vifaa vingi vyenye betri.

Sasa soko, maana hapa ndipo wageni wanapoumia. Mwaka 2017 India iliweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini kwake. Mkulima wa Babati au Lindi hakuwa amekosea lolote shambani, ila bei ilianguka mpaka wengine wakaona heri waziache mashambani. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka, na ingawa zuio liliondolewa ndani ya siku chache kwa masharti, malori yalikuwa yameshapanga foleni mpakani. Mwaka 2023 wakulima wa alizeti wa Singida na Dodoma walilia bei baada ya ushuru wa mafuta ya kula kutoka nje kupunguzwa. Hayo yote yaliamuliwa mbali na shamba.

Mtu atasema basi dawa ni kuweka ghalani na kungoja. Si mara zote. Aliyehifadhi mbaazi mwaka 2017 alingoja sana, na bei haikurudi upesi. Kusubiri kunalipa kwa zao ambalo hata lisiponunuliwa utalila, jirani atalila, au kuku watalila. Zao la soko moja la nje lilime, ila usiliwekee pesa ya kodi ya nyumba.

Kwa mahindi na mtama, subira inaanzia kwenye unyevu. Nafaka ya kuhifadhi isizidi asilimia 13.5. Kama huna kipimo, chukua chupa kavu ya kioo, weka chumvi kavu na punje za mahindi, tikisa vizuri kisha iache itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, yarudishe juani, na uyaanike juu ya turubai, si kwenye udongo. Hili la udongo si usafi tu. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kuvu wale hupenda zao lililoteswa na ukame shambani kisha likahifadhiwa na unyevu, yaani hali ya hewa tunayoelekea ndiyo wanayoitaka. Ipo dawa ya kibiolojia, Aflasafe, iliyosajiliwa nchini mwaka 2018, ambayo humwagwa shambani wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajachanua. Kiwango cha sumukuvu kinachokubalika Afrika Mashariki ni sehemu 10 tu katika bilioni, na wanunuzi wakubwa wameanza kupima.

Baada ya hapo, mifuko ya kuzuia hewa, ile yenye nailoni mbili ndani. Dumuzi, ambaye wengine humwita Scania kwa jinsi anavyobomoa, hufa humo kwa kukosa hewa bila wewe kununua dawa ya unga. Kagua kila mfuko kwa tundu kabla ya kujaza. Tundu moja la panya, umepoteza mfuko.

Na ukifika soko la nafaka la Kibaigwa kuuza, uza kwa mzani. Ukikubali lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, umelipwa gunia moja kwa mzigo wa gunia moja na robo, na faida yote ya kungoja imeishia kwenye kile kilemba cha juu. Dalali si adui, anajua lori linatoka wapi na linataka nini, lakini muulize bei baada ya kuwa umeshawauliza wengine wawili.

Teknolojia niipitie haraka, kwa kuwa ndiyo mnayoijua kuliko mimi. Simu ni chombo kizuri. Programu ya Nuru inatambua magonjwa ya mihogo kwa kamera, kwa Kiswahili, hata pasipo mtandao. Lakini viwavijeshi vamizi, waliothibitishwa nchini 2017, hawasubiri upige picha: ingia shambani asubuhi na mapema mara mbili kwa wiki, fungua moyo wa mmea wa mahindi, yaani majani machanga ya katikati, maana kiwavi akishakuwa mkubwa na kujificha mle ndani dawa haimfikii. Ndege nyuki (droni) za kunyunyizia dawa, zikodi, usinunue. Pampu ya sola na mabomba ya matone usiyaguse kabla hujapima maji ya kisima, kwani visima vingi vya huku vina chumvi, na matone ya maji ya chumvi yataua udongo wako taratibu huku ukiendelea kulipa deni.

Ufuta, mbaazi na dengu vinaweza kukupeleka kwenye stakabadhi ghalani, mfumo ambao mzigo unawekwa ghalani kwa risiti na kuuzwa kwa mnada. Mnada huwa na ushindani kuliko bei ya mlangoni, ila malipo yanaweza kuchelewa, kwa hiyo uwe na akiba ya kuwalipa vibarua kabla hujapeleka mzigo.

Mwisho, mkopo. Taasisi nyingi zitataka marejesho yaanze mara tu baada ya mavuno, wakati ambao bei iko chini kabisa na kila mtu anauza. Kabla hujasaini, omba marejesho yaanze Januari. Wakikataa, punguza ekari mpaka ifike idadi unayoweza kuilima bila wao.