Plasta ya udongo haishiki kwenye ukuta wa viroba: je, nihamie kwenye saruji?

SWALI

Nimejenga kwa mikono yangu nyumba ya duara yenye upana wa mita 5 kwa ndani, kwa viroba vilivyojazwa udongo wenye unyevu na kushindiliwa. Kila kozi, yaani kila safu ya viroba, imelazwa juu ya nyuzi mbili za seng'enge ya miiba, na kozi tatu za chini zimejazwa kokoto. Kuta zina urefu wa mita 2.4 na mkanda wa zege wa juu umekwisha kumwagwa, lakini paa bado. Wiki tatu zilizopita nilisiriba kipande cha ukuta wa nje kwa udongo uleule niliojazia viroba. Kilipokauka kilijaa nyufa kama tope la bwawa lililokauka, na sehemu moja ikabanduka kama ganda, kiroba cha nyuma yake kikiwa safi kabisa. Fundi anayenisaidia anasema nifunge wavu wa kuku na kupiga saruji nyumba nzima. Ningependa kubaki na udongo na chokaa, ila sitaki kurudia kazi hii kila mwaka. Nimekosea wapi, na je, fundi yuko sahihi?

JIBU

Ndugu msomaji, sehemu kubwa ya jibu imo katika maneno yako kwamba kiroba kilibaki safi. Plasta hiyo haikuwa imeshika tangu mwanzo. Viroba hufumwa kwa nyuzi za polipropilini, plastiki isiyonyonya maji na isiyoungana na udongo wa mfinyanzi. Tofali la udongo hunyonya unyevu wa plasta na kuvuta chembe za mfinyanzi ndani ya vinyweleo vyake, na ndiyo sababu udongo hushika juu yake kwa urahisi. Kiroba hakina uwezo huo. Kinachoibeba plasta kwenye ukuta kama wako ni umbo la ukuta wenyewe. Kila kozi imetuna, na kati ya kozi moja na nyingine kuna kibonde kirefu kinachoingia ndani sentimita kadhaa. Udongo ukisukumwa humo kwa nguvu mpaka kibonde kijae, hukauka ukiwa umejibana kama kabari, na tabaka zinazofuata hushika kwenye udongo huo, wala si kwenye plastiki. Ukipakwa juujuu kwa mwiko, kama fundi azoeavyo kwenye ukuta wa tofali, hupita juu ya mituno na kuacha mapango ya hewa nyuma yake, kisha husinyaa na kudondoka.

Nyufa ni kosa jingine, na lingetokea hata kama plasta ingeshika vizuri. Udongo wa kujazia viroba, ambao kwa kawaida huwa na mfinyanzi wa takriban asilimia 30 na kilichobaki ni mchanga na changarawe ndogo, huwekwa ukiwa na unyevu mdogo tu, kiasi kwamba ukiufumbata kiganjani hushikamana bila kutoa maji. Nao hushindiliwa, kwa hiyo hauna nafasi kubwa ya kusinyaa. Plasta hutiwa maji mengi zaidi ili iweze kufanyiwa kazi, na mfinyanzi ni kitu kinachovimba kinapolowa na kusinyaa kinapokauka. Maji mengi yakiondoka, lazima pengo lijitokeze mahali fulani. Udongo uliosimama imara ndani ya kiroba unaweza basi kupasukapasuka vibaya unapotandazwa ukutani. Dawa yake ni mchanga, ambao hausinyai, na nyuzi za majani, ambazo huishikilia plasta isiachane wakati inapojikaza.

Kuhusu vipimo, sitakupa uwiano mmoja na kukuambia ndio sahihi, kwa sababu sijauona udongo wako. Anza na jaribio la chupa: jaza theluthi moja ya chupa pana kwa udongo uliochekechwa, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa sana, kisha uiache mahali tulivu. Mchanga hutua ndani ya dakika chache, vumbi laini huchukua saa kadhaa, na mfinyanzi huweza kuchukua siku nzima au zaidi. Jaribio hili litakuonyesha tu mahali pa kuanzia. Uamuzi wenyewe hutolewa na vipande vya majaribio vilivyopigwa ukutani, na hapo ndipo wajenzi wengi wa mara ya kwanza wanapokosa subira. Piga vipande visivyopungua sita, kila kimoja cha sentimita 30 kwa 30 na kikipita juu ya kibonde kimoja angalau, kwa kubadilisha kiasi cha mchanga: debe moja la udongo kwa moja la mchanga, moja kwa mawili, moja kwa matatu, na kila uwiano mara mbili, mara moja ukiwa na majani na mara nyingine bila majani. Andika uwiano juu ya kila kipande kwa ncha ya msumari kabla hakijakauka, maana baada ya wiki hutakumbuka kipi ni kipi.

Vikikauka kabisa, visome. Kipande chenye mtandao wa nyufa kina mfinyanzi au maji kupita kiasi. Kinachoacha vumbi na chembe kiganjani unapokisugua kina mchanga uliozidi. Kinachotoa mlio wa uwazi ukikigonga kwa kifundo cha kidole kimeachana na ukuta hata kama uso wake ni mzuri, na kosa hapo liko mkononi mwako. Ufa mmoja mrefu unaofuata mstari wa kozi una maana kwamba plasta ni nyembamba mno pale kiroba kinapotuna, au kwamba ukuta wenyewe bado unakaa.

Hilo la mwisho linanileta kwenye paa, na hapa nakuomba usimamishe plasta mara moja. Paa liwekwe kwanza. Uzito wake hukamilisha kukaa kwa ukuta, na kuta zilizojazwa udongo wenye unyevu huendelea kujikaza zinapokauka, kazi ambayo kwa unene wa sentimita 40 huchukua wiki nyingi. Plasta iliyopigwa kabla ya hapo hupasuka kwa sababu ambazo hakuna mchanganyiko utakaozitibu. Zaidi ya hayo, udongo usio na paa juu yake huoshwa na mvua moja kubwa. Wakati huohuo viroba visibaki juani, kwa kuwa mionzi ya jua huila polipropilini na kuifanya iwe dhaifu na yenye kukatika ndani ya miezi michache, isipokuwa aina zilizotiwa kinga ya mionzi, ambazo hudumu zaidi. Pitisha ukucha kwa nguvu upande unaopigwa zaidi na jua. Nyuzi zikichanika na kutoka unga, uharibifu umeshaanza. Kwa ukuta wako, ambao udongo wake una mfinyanzi na umeshindiliwa, hilo si maafa, kwani tofali lililoko ndani limeshajifunga lenyewe. Hatari iko kwenye zile kozi za kokoto, kwa sababu kokoto hushikiliwa na kiroba peke yake. Zifunike leo kwa turubai au kwa udongo wowote ulio karibu.

Paa likishakaa, kazi yenyewe ianze kwa vibonde. Tengeneza mchanganyiko mzito wenye majani mengi makavu, yaliyokatwa kwa urefu wa sentimita 3 hadi 5, na uuache ulowe siku mbili tatu ili mfinyanzi ufunguke na majani yalainike. Paka kwanza uji wa mfinyanzi ndani ya kibonde kwa brashi, kisha chukua donge, ulirushe kwa nguvu ndani yake, na ulisukume kwa gumba mpaka ukuta uwe karibu kusawazika. Kazi hii ni ya mkono mtupu, na mwiko haufai kabisa. Acha ikauke ikiwa na uso wa kukwaruza. Tabaka la pili, lenye unene wa sentimita 2 hivi juu ya mituno, hupigwa baada ya kulowesha lile la kwanza, nalo huchanjwa kwa mistari kabla halijakauka. Nyufa nyembamba katika tabaka hili zisikutishe. Kwa hakika hulisaidia tabaka la kumalizia kushika. Hilo la mwisho huwa na unene wa milimita 3 hadi 6 tu, kwa udongo na mchanga vilivyopitishwa kwenye chekecheo laini, na hapo mwiko wa fundi wako utapata kazi. Kinyesi kibichi cha ng'ombe kikiongezwa katika tabaka hili huleta nyuzi laini na hupunguza mmomonyoko, ingawa hakiigeuzi plasta kuwa kitu kisichopenya maji.

Wavu wa kuku hauhitajiki kwa plasta ya udongo kwenye ukuta ulio wima na wenye vibonde vizuri. Mahali pa kuimarisha ni pale vitu viwili tofauti vinapokutana, yaani fremu ya mlango na kiroba, au mkanda wa zege na kozi ya juu. Hapo tandaza vipande vya gunia la katani vilivyochovywa kwenye uji wa mfinyanzi, ukivipigilia kwa misumari mirefu inayoingia kwenye udongo ulioshindiliwa.

Sasa kuhusu saruji. Fundi wako yuko sahihi kwamba plasta ya saruji juu ya wavu itashika na itakuwa ngumu, na kama viroba vyote vingekuwa vimejazwa mchanga mtupu, kokoto, au udongo uliochanganywa na saruji, nisingekuwa na la kumpinga. Tatizo liko kwenye safari ya maji. Plasta ya saruji hupata nyufa nyembamba kama unywele, na maji ya mvua huvutwa kupitia nyufa hizo hadi nyuma yake. Mvuke hupita kwenye saruji kwa shida kuliko kwenye udongo au chokaa, kwa hiyo maji yaliyoingia kirahisi hutoka kwa taabu, na udongo wenye mfinyanzi ulioko ndani hubaki na unyevu bila mtu kuona. Ukuta wa udongo hupoteza nguvu unapolowa. Plasta ya udongo ikiharibika utaiona na kuiziba. Saruji huficha ugonjwa mpaka ganda zima lidondoke. Ukuta wako nao bado una maji ya ujenzi, ambayo lazima yapate pa kutokea.

Unaweza kuniuliza kwa nini basi picha nyingi za nyumba hizi zinaonyesha kuba zisizo na paa wala upenu. Mbinu hii ya viroba na seng'enge ilienezwa zaidi na msanifu majengo Nader Khalili, mzaliwa wa Iran, aliyeanzisha taasisi yake katika eneo la jangwa la Hesperia, California, mwaka 1991, na vibanda vyake vya dharura vilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo mwaka 2004. Kuba ni umbo imara sana, lakini uso wake wote ni paa, na plasta ya udongo tupu haiwezi kuwa paa mahali penye mvua nyingi. Kwa kuwa wewe umejenga kuta za wima, tumia faida hiyo: upenu utokeze sentimita 60 angalau, na upande unaopigwa na mvua ya upepo utokeze zaidi. Upenu mpana utaokoa plasta kuliko kiungo chochote utakachokitia ndani yake.

Chini nako kuna adui wake. Matone yanayodondoka kutoka kwenye paa huruka na kurusha tope ukutani, kwa hiyo udongo usishuke hadi ardhini. Uishie pale kozi za kokoto zinapoishia. Kozi hizo zivalishwe mawe, au saruji juu ya wavu, na hapa ushauri wa fundi unafaa kabisa, maana kokoto hazinyonyi maji kwenda juu na hazidhuriki zikilowa. Ukingo wa juu wa saruji hiyo uwe na mteremko kuelekea nje, usije ukawa sahani ya kukusanyia maji yanayotiririka ukutani.

Kuhusu chokaa, kwa nyumba yako ningeitumia kama rangi tu. Plasta nene ya chokaa juu ya udongo inawezekana, lakini mfinyanzi huvimba na kusinyaa kwa kiasi ambacho chokaa haikifuati, na kuachana kwa tabaka hizo mbili ni jambo la kawaida. Chokaa iliyozimwa, ikakorogwa na maji iwe nyepesi kama maziwa, na ikapakwa mara nne au tano juu ya udongo ulioloweshwa, huingia ndani ya uso wake na kuupa ugumu bila kuuzuia kupumua. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ya kaboni huku ikiwa na unyevu, kwa hiyo usipake juani, na nyunyizia maji siku chache baada ya kila mkono. Vaa miwani na glavu, kwa kuwa chokaa huunguza ngozi na tone moja linaweza kupofusha jicho.

Ukuta wako, ndani na nje, ukitoa milango na madirisha, una takriban mita za mraba 72, na kwa unene wa wastani wa sentimita 4, ukihesabu vibonde, utahitaji karibu mita za ujazo 3 za plasta iliyokorogwa. Andaa mita za ujazo 4 za udongo na mchanga mkavu, kwa sababu mfinyanzi hujificha katikati ya chembe za mchanga na kiasi hupungua vikichanganywa.

Na hofu yako ya kurudia kazi kila mwaka: ukiwa na upenu huo na kitako hicho cha mawe au saruji, kinachorudiwa ni mkono mmoja wa chokaa upande wa mvua kila baada ya mwaka mmoja au miwili, na kuziba sehemu zilizogongwa. Kiraka hushika kwa kulowesha kingo za jeraha mpaka ziwe laini, kisha kusugua udongo mpya uungane na wa zamani, jambo ambalo saruji hairuhusu. Udongo wa shimo jingine utakuwa na rangi na msinyao tofauti, kwa hiyo weka debe mbili tatu za mchanganyiko mkavu wa tabaka la mwisho mahali pasipofikiwa na maji, ukiwa umeandika uwiano wake kwenye kifuniko.