Moshi usiobisha hodi: majibu kwa wapangaji wa Nairobi

Barua za majuma haya karibu zote zinalalamikia kitu kimoja, sigara ya jirani kwenye fleti. Nimejibu tano.

Naishi Pipeline, orofa ya nne. Kijana wa orofa ya pili huvuta kila usiku, na moshi hujaa bafuni kwangu hadi kitandani. Mwanangu wa miaka mitatu ana pumu. Huo moshi unapitia wapi? (Mama Mtoto)

Pole sana, mama. Unapitia kwenye jengo lenyewe. Majengo ya Pipeline yamesongamana hivi kwamba madirisha mengi ya bafu hayatazami nje, bali yanatazama kile kishimo cha hewa kinachopanda katikati ya fleti toka chini hadi paani. Hewa yenye joto hupanda, kwa hiyo kishimo hicho hugeuka dohani, na dirisha lako lililo wazi ndilo mlango. Chungulia pia chini ya sinki, pale mabomba yanapotoboa ukuta. Mara nyingi fundi huacha tundu linaloingia mkono. Halafu kuna pengo chini ya mlango wa korido.

Anapowasha, funga dirisha la bafu na ufungue la upande wa barabara. Ziba matundu ya mabomba kwa saruji au silikoni, na uweke kitambaa mlangoni. Hayo hupunguza moshi, hayaumalizi, na sitaki uyategemee kwa mtoto mwenye pumu. Moshi wa tumbaku huzidisha mashambulio ya pumu kwa watoto na huwaletea maambukizi ya mapafu na ya masikio. Mwambie daktari wazi kwamba moshi unaingia chumba anacholala, na dawa yake ya kuvuta isikae mbali.

Kisha mwendee huyo kijana, lakini mchana, si saa ile ya usiku umekasirika naye ameishika sigara. Usianze na lawama. Mweleze habari za mtoto, hata umpandishe aje asikie harufu chumbani kwako. Wengi hawajui kabisa moshi wao unaishia wapi. Asiposikia, nenda kwa keateka, yaani msimamizi wa jengo, kisha kwa mwenye nyumba kwa maandishi, ubaki na nakala. Wazee wa Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani mtaani, na chifu pia husuluhisha mambo kama haya. Wewe mwenye mtoto anayekohoa hupaswi kuwa wa kwanza kufungasha virago.

Nimenunua feni na manukato ya kupuliza, na jioni nafukiza udi. Vinatosha? (Mpangaji, Zimmerman)

Havitoshi. Manukato hufunika harufu tu, sumu inabaki. Udi nao ni moshi juu ya moshi. Feni huusambaza. Mwaka 2006 Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani alitoa ripoti iliyosema hakuna kiwango salama cha moshi wa sigara wa mtu mwingine, na kwamba kutenga wavutaji, kusafisha hewa au kupitisha upepo hakuondoi hatari ndani ya jengo. Moshi huo una kemikali zaidi ya 7,000, na makumi kati yake husababisha saratani. Pesa ya manukato inunue silikoni.

Mimi ni keateka Roysambu. Mvua ikinyesha wapangaji wanavutia ngazini. Nina mamlaka ya kuwakataza? (Keateka)

Unayo, ndugu yangu, mradi mwenye nyumba yuko nyuma yako. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuvuta sigara mahali pa umma, na adhabu ni faini isiyozidi shilingi 50,000, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Ndani ya chumba cha mtu mambo ni magumu zaidi. Lakini ngazi na korido hazikukodishwa kwa mpangaji yeyote peke yake, na mwenye nyumba anaweza kuziwekea masharti. Mwombe aandike sharti hilo kwenye mkataba wa kila anayeingia, abandike tangazo getini, na atenge mahali nje, penye kibati cha mchanga, mbali na madirisha. Marekani, tangu Julai 2018, nyumba za kupangisha za serikali haziruhusu sigara ndani wala ndani ya futi 25 kutoka kwenye jengo. Hapa kwetu futi 25 zitakutoa kwenye ploti na kukuingiza ya jirani, ila hata kona moja iliyo wazi ni afadhali kuliko ngazi.

Nikihama kwa sababu ya moshi bila kutoa notisi, nitarudishiwa diposti? (Dada, South B)

Soma mkataba wako. Mingi inadai notisi ya mwezi mmoja, na ukiondoka ghafla unampa mwenye nyumba sababu ya kukaa na pesa zako. Toa notisi, ambatisha barua zako za malalamiko zenye tarehe. Akikatalia diposti bila sababu, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Baraza la kodi za nyumba halitakufaa, kwa kuwa sheria yake inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na South B utaitafuta nyumba hiyo mpaka uchoke.

Mimi ndiye mvutaji. Navutia balkoni nisiwasumbue watu. Nakosea? (Baba, Umoja)

Asante kwa kuuliza, mzee. Nia yako ni njema, lakini moshi wa balkoni hupanda, na aliye juu yako ameanika nepi na kufungua dirisha. Sigara za kielektroniki pia si mvuke mtupu, maana hutoa nikotini na chembe ndogo ndogo. Shuka hadi uwanjani, simama mbali na ukuta. Na ukiwa na hamu ya kuacha, NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana nambari ya bure, 1192, na maduka ya dawa huuza chingamu na viraka vya nikotini. Siku za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote: hasira, usingizi kukatika, mikono kukosa kazi. Mwambie mama watoto mapema ili akuvumilie, na umwambie jirani wa juu pia. Atafurahi kukuona ukishuka ngazi.