Bega: mvue shati kwanza

Wadogo zangu mnaoanza mafunzo ya vitendo ya fiziotherapia hapa Tanga, bega lisiwadanganye.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nililetewa kijana wa bodaboda, kaanguka barabara ya Pangani, bega lilitegukia mbele na lilikwisharudishwa. Nikamwambia anyanyue mkono, akanyanyua. Nikaandika "anaendelea vizuri". Wiki ya nne alivua shati kwa sababu ya joto, nikaona bega moja la mviringo, jingine limebaki kona.

Neva (mshipa wa fahamu) ya kwapa hupita nyuma ya shingo ya mfupa wa mkono, na bega likitoka kwa mbele huvutika. Msuli wa deltoidi, ule unaolipa bega mviringo wake, unapooza, lakini misuli mingine inaweza kuunyanyua mkono bila huo. Kwa hiyo weka kiganja juu ya msuli, mgonjwa asukume kiwiko nje, usikie kama unakaza. Gusa pia ngozi ya nje ya bega, pande zote mbili, ila usiitegemee hiyo peke yake: ngozi inaweza kuhisi vizuri na msuli umelala. Pima na uandike kabla ya bega kurudishwa na baada yake, la sivyo hatajulikana aliyeiumiza neva, ajali au mikono yetu.

Wachukuzi wa magunia huja wakilalamikia mgongo. Mwambie asukume ukuta. Kombe la bega likichomoza kama bawa la kuku, neva ndefu ya kifua imeumia. Akishindwa kupandisha bega, mtazame shingoni: huenda aliwahi kutolewa tezi ya limfu hapo, na kisu kikagusa neva ya msuli unaopandisha bega.

Wagonjwa watauliza "lini?" Neva iliyokatika ndani huota takriban milimita 1 kwa siku, kwa hiyo sema miezi. Miezi 3 ikipita bila dalili yoyote, mpeleke kwa daktari wa upasuaji, maana msuli uliokaa bila neva zaidi ya mwaka ni vigumu kurudi. Wakati huo mgonjwa aunyanyue mkono ulioumia kwa kutumia ule mzima, bega lisigande. Bibi akija na mafuta ya nazi sigombani naye. Ninachokataa ni kitambaa cha maji moto, ngozi yenye ganzi haijui inapoungua.

Yule kijana alirudi kila Jumanne. Mwezi wa tano msuli ukacheza chini ya kiganja changu, mwenyewe akiwa anachati.